Baiskeli Zilizofungwa Mwisho

Nakumbuka siku mama yangu alipomhubiria punda. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nilicheka. Lakini mahubiri yale ndiyo yaliyomfikisha mdogo wangu Kalekye shuleni, na kwa kuwa wewe sasa unajiandaa kuanza nyumba yako, tena kwa haraka ninayoiona, kaa hapa kidogo unisikilize.

Mimi na Nzioka tulikuwa tumeoana karibuni, tukipanga chumba pale Mumbuni. Yeye alikuwa fundi katika kiwanda kimoja huko Athi River, na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia trela ndogo ya kulala. Ilikuwa nyumba ya magurudumu mawili ya kukokotwa nyuma ya gari, yenye kitanda, kabati na sinki isiyozidi bakuli la uji. Nzioka aliipenda ile trela hadi majirani wakaniuliza kama nimeletewa mke mwenza. Kila Jumamosi aliiosha yeye mwenyewe, na pikapu yetu kuukuu, iliyotulisha, ikabaki na matope yake.

Mwaka huo Kalekye alikuwa amemaliza darasa la nane na kupata nafasi katika shule ya kutwa huko Kalama, karibu na kwa nyanya yetu. Nasema karibu, lakini kwa miguu ilikuwa atoke gizani na arudi gizani. Baba alisema wazi kwamba bila baiskeli binti yake haendi, na kwamba kuna binamu Nairobi anayetafuta msichana wa kumlelea mtoto. Tukaahidi baiskeli. Tukanunua ya mtumba, nyekundu, ya kike, na Nzioka akasema ataibeba na yake pia, ili wiki ya kwanza amsindikize Kalekye hadi aizoee njia. Nyumba ya nyanya ilikuwa na chumba kimoja, kwa hiyo sisi wawili tungelala kwenye trela uani. Mpango ulikuwa mzuri, na mpaka leo sina la kuukosoa.

Ila sikia tulivyopakia. Nzioka aliingiza jiko la gesi, viti vya kukunja, meza, redio, na sanduku la vifaa vyake lenye uzito wa ng'ombe. Mimi nikaingiza masufuria, blanketi, na mapazia niliyoshona mwenyewe kwa madirisha ambayo ungeyaziba kwa kitambaa cha mkono. Tulipomaliza tukageuka, na baiskeli mbili zilikuwa bado zimeegemea ukuta, zikitungoja. Ndani hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza mkono.

"Tutazifunga tu hapo nyuma," Nzioka akasema. "Kamba iko."

Nami nikamshikia kamba.

Barabara ya kwenda Kola, nyumbani kwa baba, tulikokuwa tukimfuata Kalekye, ilikuwa imechimbwa na mvua za Desemba. Tulipoanza kuteremka, mkia wa trela ukaanza kuyumba, kulia, kushoto, na pikapu nayo ikaanza kuufuata. Nzioka alinyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mume wangu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Akapunguza mwendo polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu, na trela ikatulia, lakini tulipovuka mtaro nyuma ikashuka na kugonga chini. Tulisikia chuma kikilia. Baiskeli iliyokuwa upande wa nje ndiyo iliyoumia, na ilikuwa ile nyekundu.

Kalekye alitukimbilia langoni akiwa amevaa sare ya shule, sketi mpya na soksi nyeupe, ati tuione kabla haijachafuka. Akaliona gurudumu lililopinda. Hakulia, mwanangu, na afadhali angelia.

"Si itanyooshwa, dada?" akaniuliza. "Hata ikitingika kidogo ni sawa tu."

Fundi wa sokoni alilinyoosha jioni hiyo hiyo. Lilitingika, lakini lilizunguka. Shida sasa ilikuwa baba. Alikuwa amesimama kando ya barabara akiitazama ile trela ikija huku ikicheza, na mbele yetu, njia ya Kalama, kulikuwa na mteremko mkali kuliko ule tuliotoka.

"Baiskeli nimeona, asanteni," alisema. "Lakini mtoto wangu hapandi hiyo kitu kesho. Atakaa."

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya kuripoti shuleni, na walimu walikuwa wamesema nafasi ya asiyefika itapewa mwingine. Kalekye aliingia ndani akavua sare yake, akaikunja vizuri. Niliumia sana kuiona ile sketi kwenye kiti.

Sasa, mama yangu, Mwaitu tulivyomwita, alikuwa ameona alichokiona baba, na zaidi. Lakini kwetu mama mkwe hazungumzi ovyo na mume wa binti yake, achilia mbali kumkosoa. Ni ile heshima tunayoiita nthoni. Hata chai alimpelekea kwa mkono wa mtoto mwingine. Angemwambiaje kwamba hajui kupakia?

Asubuhi Nzioka aliamka na kuanza kuzifunga baiskeli upya, palepale nyuma, safari hii kwa kamba mara mbili. Nafikiri alitaka kumwonyesha baba kwamba hazitachomoka. Mwaitu akamtoa punda wake, akamsimamisha hatua chache kutoka hapo, akaanza kumpakia mitungi ya maji. Akaisukuma yote kwenye matako. Punda akarusha kichwa, akapiga hatua za kando.

"Ati unakataa?" Mwaitu akamwambia, kwa sauti ya kanisani. "Na uko na haki, wewe punda. Mtu akikuwekea mzigo yote huko nyuma, si mbele itakuwa nyepesi? Utashika njia na nini? Ukifika kwa mteremko, matako ndiyo itakupeleka, si wewe. Ngoja niisongeze karibu na mabega." Akasongeza mitungi, akakaza kamba. "Tena kitu ya maana mtu hufunga kwanza, akiwa bado na nguvu na nafasi. Hafungi mwisho kama amechoka. Umenisikia, wewe punda?"

Nzioka hakugeuka. Alibaki ameshika fundo, mgongo wake kwetu.

"Punda amesikia," akaliambia gurudumu la trela.

Nilikimbilia jikoni nikacheka huko. Niliporudi, alikuwa amefungua kila kitu na kukitandaza uani. Alianza na baiskeli. Aliweka mbao mbili juu ya kile chuma cha mbele kinachoungana na gari, akazisimamisha baiskeli pale, moja ikitazama huku na nyingine kule, gunia katikati zisikwaruzane, akazifunga kwenye fremu na kwenye magurudumu. Akakata kona na pikapu uani, huku mimi nikitazama kama usukani wa baiskeli unagusa gari. Kisha vitu vizito akaviweka juu ya magurudumu ya trela, na magodoro nyuma. Viti, meza, redio na mapazia yangu vilibaki Kola, na hakuna aliyeviulizia.

Akaendesha peke yake hadi sokoni na kurudi. Baba alisimama palepale aliposimama jana. Trela ilimfuata Nzioka kwa utulivu, mteremko na mwinuko, bila kutikisa mkia. Baba akageuka kuelekea nyumbani. Alikwenda mlangoni akaita, "Kalekye, vaa sare yako," kisha akamfungulia mlango wa pikapu kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nililia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Gurudumu lile lilitingika miaka yote minne, na Kalekye akamaliza shule nalo hivyo hivyo. Leo ni mwalimu, na akija hapa na gari lake haondoki kabla hajazunguka nyuma kukagua. Nzioka, huyo hapo anayejifanya amelala, humuuliza kama punda yuko tayari.

Mwanangu, mimi na mume wangu hatukuwa wabaya. Tulimpenda Kalekye, na bado tulimkumbuka baada ya redio na mapazia. Wewe utapanga mengi katika nyumba yako, na mengi yatakuwa mazuri kuyatazama. Kabla hujayaingiza, jiulize safari hii ni ya nani na ni ya nini, ukifunge hicho kwanza, mbele, karibu na kinachovuta. Nafasi ikiisha, mapazia yabaki. Na mtu anayekupenda akishindwa kukuambia jambo usoni, akaliambia ukuta au mbuzi, usinune. Tega sikio, fungua fundo, uanze upya kukiwa bado asubuhi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mwenzi asiyeona aibu kufungua alichokifunga mwenyewe, akujalie watoto wa kuwafungulia mlango, na mbele ya kila mteremko wako akusimamishie mama mmoja na punda wake.