Siku mama alipoona oili ikipanda kwenye injini ya marehemu baba, hapa Kolwezi

Wakuu, jambo yenu kutoka Lualaba.

Ninayoandika ni kweli tupu. Mashahidi ni mama yangu na yaya, yaani kaka yangu mkubwa, ingawa yaya hatapenda nilivyomwandika.

Marehemu baba alituachia gari moja la petroli, silinda nne, kubwa kuliko mimi kwa umri. Jumapili alitupeleka nalo misa. Ila alikuwa na tabia moja ya kutukera: akishawasha, haondoki. Anakaa tu, injini inanguruma, kengele ya kanisa inalia. Ukimuuliza anajibu, "Iache ikunywe kwanza."

Sisi tulijua anawaringia majirani.

Baada ya kifo chake gari lilikaa uani miaka, kuku wakitagia ndani. Halafu shimo la mgodi upande wa Mashamba likasogea mpaka karibu na mtaa wetu, tukaambiwa tuhame. Yaya akaleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama akamwangalia yule bwana, akatugeukia sisi.

"Motokari ya baba yenu haitavutwa na kamba. Ikitoka na maguu yake, tunaenda nayo. Ikikatala, muiuzishe."

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi.

Mimi ni fundi, gereji yangu iko Manika, kwa hiyo mzigo ukaniangukia. Nilipofungua injini nikakuta beringi za kamshafti zimelika.

Kwa wasiojua: kamshafti ndiyo ule mhimili wenye vinundu unaofungua valvu. Umelala ndani ya beringi, lakini injini ikiwa nzima chuma hakigusi chuma. Kinaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Pampu inasukuma oili kwenye njia kuu ndani ya bloku, inalisha beringi za krankishafti chini, ule mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, kisha vijia vidogo vinaipandisha hadi kwenye kamshafti. Kila beringi ina tundu lake. Ukiigonga ikakaa upande, tundu linazibwa, na injini inajila yenyewe.

Beringi mpya nilizigonga mimi, kwa mkono wangu huu.

Ijumaa mchana tukajaribu kabla ya kuwasha. Tukatoa distribyuta, kile kigawa moto wa plagi kinachokaa juu ya pampu, tukapitisha fimbo ya chuma mpaka kwenye pampu, yaya akaizungusha kwa drili ya mkono maana umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake. Mama akavaa miwani, akainamia juu kwenye roka, vile vyuma vinavyokandamiza valvu, kule oili inakotakiwa kufika mwisho.

Drili ikawa nzito. Nikafurahi, maana yake oili imejaa njiani.

"Mi sioni kitu," mama akasema.

Yaya akazungusha mpaka shati likalowa. Juu kavu kabisa.

"Uliziba matundu," akaniambia. "Nimuite ule tata wa byuma?" Yaani yule mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa kitenge muda mrefu. Wakuu, niliumia. Kufungua injini upya na kuifunga kabla ya kesho yake kusingewezekana.

Ndipo nikakumbuka kitu. Nilipokuwa naosha kamshafti kwa petroli, niliona kwenye shingo yake moja, pale inapolala ndani ya beringi, kijifereji kifupi. Nilikipitishia ukucha nikaendelea na kazi. Sasa, kama oili ya juu inapitia pale, basi inapita tu wakati kijifereji kinapotazamana na tundu la beringi. Na sisi tulikuwa tunazungusha pampu peke yake, kamshafti imesimama tuli.

Nikaingia chini ya gari na spana ya krankishafti. "Yaya, usiache." Nikaanza kuigeuza polepole, maana ikizunguka huizungusha na kamshafti.

"Imekuya," mama akasema kwa sauti ndogo.

Nikaendelea.

"Imesimama."

Nikaendelea.

"Imekuya tena. Bana bangu, iko inakuya yenyewe."

Nikatoka kwenda kuona. Oili inachuruzika juu ya roka, inakatika, inarudi. Kila mzunguko wa kamshafti, funda moja, kama mama anavyomlisha mtoto uji: kijiko, anangoja ameze, kijiko kingine. Mtu ambaye sitamjua kamwe alikata mfereji ule kabla sijazaliwa, juu kusikauke na kusifurike. Miaka yote nashika injini na sikuwahi kushangaa hivyo. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Jumamosi lori la mizigo lilikuwa limeshajaa, dereva anapiga honi. Mama kaketi mbele, yaya kashika usukani, mimi nyuma na sufuria. Gari likawaka.

Tukangoja. Yaya hakuondoka. Honi ikapigwa tena.

"Yaya, tuende," nikasema.

"Iache ikunywe kwanza."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Funzo langu: palipo pakavu si lazima pawe pameziba, huenda zamu yake haijafika. Zungusha kwanza ndipo uhukumu.

Haya, wenye magari ya zamani, nanyi semeni: nani alikuwa akiwachelewesha misa, na mlikuja kumwelewa lini?