Hapana ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi wa viti vya magari. Ukimpelekea kiti kilichopasuka hadi sponji linachungulia nje, alikizunguka kwanza, akakibonyeza kwa goti, akamsema dereva kwa ukaaji wake mbovu, ndipo akashika mkasi. Alikuwa na mdomo mkali, na wateja walimpenda hivyo hivyo.

Aliishi na Mwalimu, mwanamke mpole aliyefundisha watoto wa chekechea. Kwa majirani walikuwa ndugu. Mtu akiuliza mbona hawafanani, Shangazi alijibu, "Mimi nimefuata upande wa baba, mwenzangu kafuata upande wa uzuri." Watu walicheka, swali likaishia hapo. Ukweli ni kwamba walipendana kama mke na mume wanavyopendana, na mimi nililijua hilo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Baba yangu naye alijua. Aliamua kutolitaja, na kwa familia yetu huo ulihesabika kuwa wema.

Ujanani walikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa bila kujificha, chumba cha nyuma cha baa, wao na wanawake wengine wa namna yao. Mwenye baa hakujali nani kamshika nani mkono, ili mradi kila mmoja awe na chupa ya bia mbele yake. Soda hakuihesabu. "Anayetaka kukaa bure akae kwao," alisema, na kwao ndiko walikokuwa wamekimbia. Basi wakanywa. Wengine waliacha, Shangazi pombe ilimganda. Baa ilipofungwa, chupa ilihamia karakana, nyuma ya majora ya ngozi, na kila jioni alikunywa peke yake akiunyoosha mgongo. Hakuwahi kulewa akayumba, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo.

Ile meza yao ya baa ilikuwa na sheria. Mbele ya polisi, mwenye nyumba, jamaa au daktari, alichotangulia kusema mwenzako usikipinge. Akisema ninyi ni ndugu, basi ni ndugu. Akisema mmetoka msibani, vaa sura ya msiba. Maneno yakigongana, mmekwisha. Sheria hiyo iliwaokoa mara nyingi, siwezi kuibeza.

Tumbo lilipoanza kumsumbua na chakula kikawa hakipiti, Mwalimu alimburuta hospitali. Daktari akauliza huyu ni nani. "Dada yangu," Shangazi akasema. Akauliza kama anatumia pombe. "Hapana." Baadaye aliniambia aliogopa maswali ambayo yangefuata: unakunywa wapi, na nani, tangu lini. Mwalimu, aliyekuwa ameketi ubavuni pake, alitazama viatu vyake. Wakarudi nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo. Mwaka uliofuata walikwenda tena, kwa daktari mwingine. Hapana ile ile, dawa zile zile. Hadi leo nikiiwaza hiyo hapana nafura kwa hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mara ya tatu nilikwenda nao. Tumbo lilikuwa limevimba, macho yamegeuka manjano. Daktari alikuwa mwanamke mwenye uchovu, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Mama, pombe unatumia?"

"Hapana."

"Anakunywa, daktari," Mwalimu akasema. "Kila siku, tangu ujana wetu. Na mimi si dada yake. Huyu ndiye mtu wangu."

Shangazi alimgeukia kama aliyepigwa kofi. Mimi nilisubiri dari ituangukie. Daktari alichomoa kalamu.

"Kwa siku anakunywa kiasi gani?" akauliza. Kisha akamwambia Mwalimu asogeze kiti karibu, maana yatakuwepo mengi ya kukumbuka.

Ni hivyo tu. Jambo walilolikimbia miaka yote lilipita kwenye chumba kile na hakuna aliyeinua hata kope.

Vipimo vilionyesha ini limejaa makovu. Daktari alisema tatizo lingegundulika mapema, Shangazi akaacha pombe, ini lingepata nafuu. Sasa kazi ilikuwa kulinda kilichobaki. Shangazi aliacha siku hiyo hiyo, akawa anakinunia kila kikombe cha chai. Lakini kilichobaki kilikuwa kidogo, na mwaka haukuisha tukamzika.

Baada ya mazishi nilimkuta Mwalimu karakana, anakunja mabaki ya ngozi. Nilimwambia asijilaumu, na nilijua ni maneno ya bure.

"Niliogopa nikimpinga mbele ya watu hatanisamehe," akasema. Alikunja kipande kingine, akakiweka juu ya vingine. "Na namjua. Ningesema siku ile ya kwanza, angeninunia wiki moja. Wiki moja, halafu angeniuliza tunakula nini."