Hisa za Dada Zilipougua

Mimi niliishia darasa la nne, na bado nilinunua hisa kabla ya walimu walionichapa. Nilianza kwa kutembeza mitumba Kiboriloni, nikaja kuwa na duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini na malori mawili, wala sikubebwa na mtu. Kwa hiyo serikali ilipoanza kuuza mashirika yake na wananchi tukaambiwa tununue hisa, sikungoja ushauri. Nilinunua zangu, nikamnunulia na dada yangu mkubwa, mjane wa kule Uru, kwa fedha alizopata baada ya kuuza ng'ombe wake wa maziwa. Fedha hizo zilikuwa za kumsomesha binti yake uuguzi.

Bei ilipanda, nikawa mtu wa kusikilizwa. Kisha ikaanza kushuka, wiki hii na wiki iliyofuata. Dukani wakawa wanaingia watu wasionunua hata msumari, wanataka tu kujua hisa zimefika wapi. Mmoja aliuza zake kwa bei ya kutupa, halafu akaja kunilaumu eti sikumzuia. Mimi nimewahi kukwama njiani na lori la saruji, mvua inanyesha, sikutetemeka. Nitetemeke kwa tarakimu za gazetini? Nilinyamaza, nikafanya kazi zangu. Nilidhani huko ndiko kutulia.

Dada hakuona hivyo. Asubuhi moja alishuka kutoka Uru, akaketi juu ya mfuko wa saruji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaangalia barabarani. Alikuwa amesikia kanisani, tena kwa watu baki, kwamba hisa zimeanguka.

Nikaanza kumweleza mambo ya soko. Kumbe soko halikuwa shida yake. Kwetu, ukikaa na ng'ombe wa mtu zizini kwako, akiugua unamwita mwenyewe aje amwone angali hai. Akifa hujamwita, hesabu ni kwamba umemla.

"Mdogo wangu, umekaa na mgonjwa wangu miezi miwili hujaniita."

"Dada, hizi si ng'ombe. Leo zinashuka, kesho zinapanda. Nikuite kila wiki?"

"Uniite kila wiki. Kwani Uru ni Ulaya?"

Nilichoka kabisa. Nikamfungulia gazeti, nikamwonyesha mstari wa kampuni yetu. Akaweka kidole pale, akauliza tulinunua kwa ngapi, sasa ni ngapi, kampuni imefunga au bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kazi, na gawio la faida ya mwaka ule alilipata mkononi mwake mwenyewe. Akapiga hesabu. Binti alikuwa aanze chuo mwaka uliofuata, na kuuza siku ile kungempa nusu tu ya ada.

"Na zako umeshauza?"

Hapo alinishika. Kwenye droo nilikuwa na fomu ya kuuza, nimeijaza jana yake, bado sahihi tu. Hata mke wangu hakujua.

"Sijauza," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Basi zangu zikae na zako. Siku ya kuuza tunauza wote."

Akaomba misumari ya bati robo kilo, hakulipa, akaenda kutafuta gari la kupanda Uru. Nikaichana ile fomu. Ningeuzaje tena, wakati ilibidi kwanza nikamweleze dada, na kumweleza dada kunachosha kuliko hasara yenyewe?

Tangu hapo kila Jumamosi nilipanda na gazeti, nikaulizwa maswali yale yale mlangoni kama mwanafunzi, mimi mwenye malori mawili. Bei ikiwa chini alisema ameiona, akaendelea kumenya ndizi. Ikiwa juu alisema vilevile.

Mwaka wa chuo ulipofika, bei ilikuwa imerudi na kupita kidogo pale tulipoanzia. Ada ilitosha. Mimi zangu nilitaka kuziacha, kwa sababu niliona wazi kwamba bado zinapanda. Nilimweleza dada hivyo kwa wakala wa hisa, tukiwa tumesimama dirishani na watu nyuma yetu. Dada aliishika kalamu, akakataa kutia sahihi mpaka aone nimetia yangu.