Ng'ombe wa Kwenye Deki

Mama alinipigia simu nikiwa darasani. Hanipigii nikiwa darasani isipokuwa kuna msiba, kwa hiyo nilitoka nje mbio, chaki mkononi.

"Imekufa," akasema.

"Nani amekufa, mama?"

"Deki. Imemeza sidii na imekataa kuitapika. Njoo."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, Mugumu nzima inajua, wanafunzi wangu wanajua zaidi. Nikamwambia mtu hatolewi darasani kwa ajili ya deki, moyo wangu nusura usimame, na siku nyingine aanze na salamu kama watu wengine. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa ule upole wake wa kuudhi, "Jumapili inakuja, mwalimu. Wageni wangu watakaa wanatazama ukuta?" Akakata.

Kwetu ni Nyangoto, upande wa Tarime, pale ambapo ukilima shamba lako unasikia mgodi unanguruma. Mimi nafundisha Mugumu, wilaya ya Serengeti. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii huko Robanda, na kila likizo alirudi na filamu kwenye begi. Nyingine aliachiwa na wageni, nyingine alinunua mnadani, zile za filamu ishirini kwenye sidii moja, ambazo ukibahatika nusu yake zinacheza na nusu zinakwama mtu akiwa hewani, mguu juu, hashuki tena.

Filamu zote zilikuwa za Kiingereza au Kichina. Hilo halikumsumbua baba hata kidogo. Alikuwa anaiminya sauti mpaka inazima kabisa. "Sauti ya nini na mimi nipo?" Anasimama kando ya TV, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, mama amekaa mbele kwenye kigoda, na baba anaanza kufasiri. Nilikua nikiamini kwamba dunia nzima, kuanzia China mpaka huko kwa Wazungu, watu wana shida moja tu: wameibiwa ng'ombe.

Kwetu hiyo si hadithi. Ng'ombe wakiibwa yowe linapigwa, watu wanatoka na kufuata nyayo, na kijiji ambacho nyayo zimeishia ndicho kitakachojibu. Basi filamu zote za baba zilikwenda hivyohivyo. Mwanamume mwenye koti refu anafuata nyayo. Wale wa bunduki ni wa kijiji ambacho nyayo zimeishia, hawataki kujibu. Ndege ya helikopta ni mwenye mali, anatazama malisho kutoka juu. Na mwisho, wakati maandishi yanapanda, baba anatangaza kwa sauti ya kanisani, "Ng'ombe wamerudi!" Mama anapiga kigelegele.

Baba alipofariki nilidhani deki itafunikwa kitambaa. Wapi! Mwezi haujaisha mama akaiwasha, akaiminya sauti, akasimama palepale baba alipokuwa anasimama. Alikuwa amezishika zote kichwani, filamu moja baada ya nyingine, mpaka vikohozi vya baba. Kila Jumapili baada ya ibada nyumba inajaa. Wanakwaya wanakuja. Mzee jirani anakuja na kigoda chake kwa sababu hapendi kukalia cha mtu. Mpangaji wetu anakuja, mchimba dhahabu kutoka Shinyanga, mwenye ndevu na sauti nzito, asiyejua Kikurya hata neno, kwa hiyo mama anafasiri kwa Kiswahili. Lakini mambo yakikolea anahamia Kikurya bila kujua, na mpangaji anapiga kelele, "Mama, rudi Kiswahilini, umeniacha porini!"

Mimi nilikuwa najua Kiingereza cha kutosha kugundua mengi, kama kungekuwa na sauti. Sauti haikuwepo. Na ukweli ni kwamba sikutaka kugundua. Ile Jumapili ndiyo siku pekee ambayo nyumba ya mama haikuwa nyumba ya mjane.

Basi nilienda. Nikamkuta mpangaji amepiga magoti mbele ya deki na bisibisi, anaongea nayo kama anamzalisha mbuzi. Sidii ikatoka vipande vitatu. Mama akaviangalia, akashika mdomo.

"Ni ile ya majivu," akasema.

Ile ya majivu ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza baba kuleta, na ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Nchi nzima imefunikwa na kitu cheupe. Mimi shuleni nilifundishwa theluji, lakini nyumbani kwetu ilikuwa majivu: watu wabaya wamechoma malisho yote ili ng'ombe wasipate pa kula, ndiyo maana wote wamevaa makoti, moshi umeleta baridi. Mwanamume mwenye upara anafuata nyayo kwenye majivu, amebeba begi. Ndani ya begi kuna chumvi ya ng'ombe, ili akiwapata wamfuate. Mzee jirani kila mara begi likionekana husema, "Huyo ni mfugaji kweli. Amebeba chumvi."

Nikawaambia, "Basi. Hizi sidii zimechoka. Nazihamisha zote ziingie kwenye kompyuta, halafu kwenye flashi. Flashi unachomeka kwenye TV, hakuna cha deki wala kutapika."

Mama akaitazama flashi kiganjani mwangu. "Filamu zote zitaenea humo?"

"Zote."

"Na ng'ombe?"

"Na ng'ombe, mama."

Nilitumia likizo yangu kwenye kazi hiyo na nusura tuvunjiane heshima. Sidii zilikuwa zimehifadhiwa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda, na kuna kuku alikuwa ameamua humo ndimo atakapoatamia. Nyingine zilikuwa na mikwaruzo mpaka kompyuta inalia. Nikageuka kidogo tu kwenda kuchota maji, nikarudi nikamkuta mama anazisugua kwa dawa ya meno, mzee jirani anazisuuza kwenye beseni na kuzianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nazipigisha mswaki. Fundi wa redio alisema."

Nilifoka. Nilifoka mpaka kuku akahama. Halafu nikachukua moja iliyokauka, nikaiingiza kwenye kompyuta, ikacheza vizuri kuliko zote. Mama akanisogezea bomba la dawa ya meno, nikaanza kusugua.

Iliyobaki ni ile ya majivu, maana vipande vitatu havina mswaki. Nikachukua kasha lake lenye picha ya mwenye upara, nikaenda nalo Tarime mjini kwenye kibanda cha wauza filamu. Jamaa akalitazama, akatabasamu. "Hii ninayo, dada. Tena safi, imetafsiriwa Kiswahili mwanzo mwisho." Nikafurahi kama mjinga. Nikasema, mama atapumzisha koo lake.

Jumapili ikafika. Nyumba ikajaa kuliko kawaida, kwa sababu mama alikuwa ameitangazia kwaya nzima kwamba mwanawe ameziingiza filamu zote kwenye kitu kidogo kama punje ya hindi. Nikachomeka flashi, nikapandisha sauti mwenyewe, kwa majivuno. Majivu yakatokea, meupe kuliko siku zote. Mwenye upara akatokea. Mama akasimama mahali pake, akakohoa kile kikohozi cha baba, akafungua mdomo.

Mtu wa ndani ya TV akamtangulia. "Jamaa huyu," akasema kwa Kiswahili kikavu cha mjini, "ni mwizi sugu. Ametoka kuiba benki, na humo kwenye begi ni hela tupu."

Watu wote wakageuka kumtazama mama.

"Ni nani huyo anayeongea?" akauliza mzee jirani.

"Ni mtafsiri," nikasema.

"Haijui hii filamu."

Mama akajaribu tena. Akasema hapa anafuata nyayo. Yule wa TV akasema anafuta nyayo zake ili polisi wasimpate. Mama akasema yule mwanamke anayelia mlangoni ni mama mkwe, analia kwa furaha, ng'ombe wa binti yake wanakuja. Yule wa TV akasema ni mke wa jamaa, anamwambia asirudi tena. Mzee jirani akanyanyuka kwenye kigoda chake, akaielekezea TV fimbo. "Njia ya mwongo ni fupi! Mwache aendelee, atajikwaa tu. Mwizi gani anabeba chumvi?" Mpangaji alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ndevu. Na mimi, aliyeleta balaa lote, natafuta rimoti ambayo nilikuwa nimeikalia.

Mama ndiye aliyechomoa flashi. Akaiweka mezani taratibu. "Leo naumwa kichwa," akasema. Hajawahi kuumwa kichwa tangu nizaliwe. Watu wakaondoka mmojammoja, wanaaga kwa sauti za chini kama wametoka kwenye mazishi, na mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na kompyuta yangu. Niliona wazi nilichofanya. Nilikuwa nimemwua baba mara ya pili, tena kwa Kiswahili fasaha.

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa na ungo, anapepeta ulezi ambao ulishapepetwa jana.

"Baba yako alikuwa anajua Kiingereza?" akauliza bila kuniangalia.

Ningeweza kusema uongo. Lakini baba alikuwa anazungumza na Wazungu kila siku, anawauliza mayai wanayatakaje. "Alikuwa anajua, mama. Vizuri sana."

"Kwa hiyo alikuwa anasikia walichokuwa wanasema."

"Alikuwa anasikia."

Ungo ukasimama. Ulezi ukatulia. Nikaanza kupanga maneno ya kumwombea baba msamaha.

"Ng'ombe wangu waliibwa," mama akasema. "Wa mahari yangu. Walikaa kwetu muda mfupi tu, kaka yangu alikuwa anawategemea naye aoe. Watu wakafuata nyayo mpaka Mto Mara, nyayo zikaingia majini, zikaisha. Maji hayajibu. Nyumbani wakaniambia mimi ni binti wa bure, nimeolewa kwa vumbi. Walinitania, lakini mimi nilikuwa nalia. Miaka mingi, hata baada ya kukuzaa wewe, nikisikia kengele ya ng'ombe nilikuwa natoka nje kuangalia."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Nilikuwa najua tu kwamba mjomba alichelewa kuoa.

"Siku baba yako alipoleta deki, akaniuliza unataka kuona nini? Nikamwambia, kama hicho kitu chako kina akili, kinionyeshe ng'ombe wakirudi." Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia, nikamsogelea, kumbe anacheka. Anacheka mpaka ulezi unamwagika, kuku wanakimbilia. "Mwizi wa benki! Mimi miaka yote nampigia kigelegele mwizi wa benki! Ee Mungu wangu. Yule mpishi, akakosa nyama, akanipikia mawe, na mimi nikala nikashiba!"

Akajifuta macho kwa khanga. Alikuwa analia pia, yote mawili kwa pamoja, na mimi nikaanza, nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kanisani.

"Njia ya mwongo ni fupi, wanasema," akasema alipopata pumzi. "Ya baba yako imefika mpaka leo."

Jumapili iliyofuata nilidhani hawatakuja. Walikuja wote, na mzee jirani alifika kabla ibada haijaisha. Mama akachomeka flashi mwenyewe. Akachukua rimoti, akaiminya sauti mpaka ikazima kabisa, akanitazama. "Sauti ya nini na mimi nipo?"

Nikaweka simu yangu juu ya kabati, ikiwa inarekodi. Siku hizi ile filamu ya majivu kwenye flashi ina sauti ya mama mwanzo mpaka mwisho, na kikohozi, na yowe la mzee jirani, na kuku. Nimeanza kuzirekodi zote. Ndiyo nakala zangu safi hizo.

Lakini siku ile, wakati filamu inaisha, mwenye upara anapanda kilima peke yake na begi lake, maandishi yanaanza kupanda, nikamwona mpangaji anajikuna ndevu. Yeye alimsikia yule wa TV na kumwelewa kila neno. Nikamkazia jicho la darasani, lile la kumwambia mtu thubutu.

Akajikohoza. "Mama," akauliza, "na hao ng'ombe wako wapi? Mbona hatuwaoni?"

Mama hakugeuka hata.

"Wako nyuma ya huo mlima," akasema. "Ni wengi mno. Hawakuenea kwenye picha."

Mzee jirani akatikisa kichwa kukubali. Wanakwaya wakapiga kigelegele. Na mimi, mwalimu wa Kiingereza, nikajikuta nimeinama mbele, natazama kile kilima cheupe.