Nafasi Kwenye Benchi

Kila baraza la pesa za wazee hapa Kanyangi, bibi mmoja mzee, susu kwa wote, hufika wa kwanza, akafuta benchi kwa pindo la leso: nafasi yake na ya mtu wa pili, yeyote atakayekuja kuketi naye. Sauti yake ni nyembamba, lakini mkono akiuinua haushuki mpaka ajibiwe. Leo alisema, "Ofisa, wakala wa malipo anakaa na kadi zetu. Kwa nini?"

"Nani mwingine kadi yake iko kwa wakala?"

Macho yote yakashuka kwenye viatu, hata ya wale waliomlilia jana jikoni kwake. Waliogopa kutolewa kwenye mpango.

"Basi ni wewe peke yako, susu?"

Aligeuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Andika ni mimi."

Kisha akafuta tena ile nafasi ya pili, akaketi.