Mlango wa Kijani wa Bweni la Angani

Enzi zetu televisheni ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe wa mtaa wetu alikuwa Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa pale Ifakara mjini. Wazazi wake walitoka pwani. Yeye alizaliwa hapa hapa, lakini usafi wake aliurithi kwao. Hukukanyaga mkeka wake na miguu iliyotoka majarubani. Mlangoni aliweka pipa la maji, kopo na kipande cha gunia, na kila Jumamosi saa kumi alasiri alisimama hapo akikagua nyayo zetu kama mwalimu wa zamu. "Mguu wa tope hautazami televisheni," alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Wapo watu wazima leo, wengine na vyeo vyao, waliorudishwa pipani mara tatu kwa sababu ya nyufa za visigino.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na antena imefungwa juu ya mwanzi mrefu nyuma ya jiko. Picha ikianza kuchezacheza, aliyekaa karibu na mlango alitoka kuuzungusha mwanzi huku sisi wa ndani tukipiga kelele: "Hapo! Hapo! Aa, umepitiliza!" Watoto wa siku hizi bando likiisha dakika tano wanajiona wameonewa. Sisi tulitazama nusu ya mambo kwenye chenga na tukashukuru.

Tulichokifuata kwa Bi Zuhura ni mchezo wa watoto wa kigeni, mchezo wa shule ya bweni iliyojengwa kwenye nyota fulani huko juu. Jina lake halisi lilitushinda kulitamka, tukauita Bweni la Angani. Wanafunzi walivaa nguo za kung'aa, walilala ndani ya droo za ukutani, na chakula chao kilikuwa vidonge. Nilipomsimulia mama habari ya vidonge, alisema, "Basi hao wote ni wagonjwa, nani atamfundisha nani?" Mwalimu wao mkuu alikuwa mtambo wa chuma unaotembea, tukampa jina la Mwalimu Bati. Msichana mwenye mchezo wake, yule mwenye madoadoa puani, tukamwita Asumta. Nyumbani tulicheza bweni letu chini ya uchaga wa mpunga, na ugomvi mkubwa ulikuwa nani awe Mwalimu Bati, maana ndiye aliyeruhusiwa kuvaa boksi la sabuni kichwani na kuchapa wengine.

Tatizo lilikuwa moja tu. Hatukuelewa walichokuwa wakisema. Kiingereza chetu cha darasa la nne kiliishia kwenye salamu na majina ya matunda, na Bi Zuhura naye alikuwa anatazama kwa macho kama sisi. Kwa hiyo maneno tuliyajaza wenyewe. Hapo ndipo mlango wa kijani ulipopata sifa yake mbaya.

Mlango huo ulikuwa mwisho wa ukumbi wa bweni. Kila baada ya wiki mbili tatu Mwalimu Bati alimshika mwanafunzi mmoja begani akamsindikiza hadi pale. Wenzake walipanga mstari, wakamkumbatia, wengine wakilia machozi ya kweli. Mlango ukafunguka, mwanga mweupe ukajaa, mtoto akaingia, na hatukumwona tena. Sisi kwenye mkeka tulijadili sana. Wengine walisema wanaliwa. Wengine walisema wanageuzwa mabati. Hakuna aliyefikiri jambo jema.

Msikilizaji wangu mkubwa hakuwa kwenye mkeka. Alikuwa Tekla, jirani yangu na msichana mwenzangu wa dawati moja. Wenzangu wa bonde la Kilombero mnajua ilivyokuwa. Mvua zikishika, familia nzima ilihamia shamba ng'ambo ya mto, ikajenga kibanda, na haikurudi mjini mpaka mpunga umeingia kwenye magunia. Mimi nilibaki kwa sababu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Tekla alikwenda. Kuanzia mpunga unapotoa masuke kazi yake ilikuwa kuamia ndege, yaani kukaa juu ya dungu, kile kichanja kirefu katikati ya shamba, kutwa nzima akivuta kamba zenye makopo na kurusha udongo kwa kombeo. Upande wake wa dawati letu ukabaki wazi, nami nikaweka hapo madaftari yangu.

Tulikuwa na makubaliano. Mimi nitazame, nimsimulie. Kila Jumapili baada ya misa mjomba wangu aliendesha baiskeli kwenda shambani kwake, jirani na kwa kina Tekla, nami nikipanda kwenye keria. Tulifika Kivukoni, tukavuka na pantoni, kisha njia ya matuta hadi makalio yakafa ganzi. Nilipanda dungu na kuanza. Tekla alinipa pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa ukatwangwa, bado una joto, na hakunikatiza ila kwa ajili ya ndege. "Ngoja," alisema, akavuta kamba, akapiga ukelele wa kutoboa masikio, kisha akageuka. "Endelea. Walipofika mlangoni." Niliigiza sauti zote. Nadhani nilisimulia vizuri kuliko mchezo wenyewe ulivyokuwa.

Mwaka ule baba yake alichoshwa na hali hiyo. Alikwenda kuzungumza na masista waliokuwa na shule ya msingi ya bweni huko milimani, upande wa Mahenge, wakamkubalia nafasi moja. "Mtoto huyu kila mwaka anasoma nusu," alisema. "Huko atasoma mwaka mzima." Lakini Baba Tekla hakuwa mtu wa kulazimisha. Alimwambia, "Sitakufunga kamba kama mbuzi. Fikiri. Jumatatu nampelekea sista jibu, ukikataa atatafutwa mwingine."

Tekla alikuwa hajawahi kulala mbali na mama yake hata siku moja. Jumapili hiyo juu ya dungu, siku nane kabla ya jibu kupelekwa, alinieleza alivyoamua kuamua. "Jumamosi ndiyo mwisho wa mchezo, si ndiyo? Asumta naye atapelekwa kwenye mlango. Akirudi kwao, naenda. Asiporudi, siendi. Wewe utazame vizuri, Domi, uniambie." Leo naweza kucheka nikiandika. Siku ile hatukucheka. Tulikuwa na miaka kumi, na bweni tulilolijua lilikuwa moja tu, lile la angani.

Jumamosi nilinawa miguu mpaka Bi Zuhura akanisifu. Sebule ilijaa hadi mlangoni. Mwalimu Bati akamshika Asumta begani. Mstari ukapangwa, kilio kikaanza, hata baadhi yetu tukalia. Asumta akafika kwenye mlango wa kijani, akageuka kuwatazama wenzake, akashika kitasa. Umeme ukakatika.

Hakuna aliyeinuka. Tulikaa tukikitazama kioo cheusi na nyuso zetu ndani yake. Tulikaa mpaka kwenye adhana ya magharibi, Bi Zuhura akasema kwa upole ambao hatukuuzoea, "Haya wanangu, swala imefika. Nendeni makwenu." Njia nzima nilijiuliza nitamwambia nini Tekla. Ukweli ulikuwepo na ulikuwa mwepesi: sijaona, umeme ulikatika.

Kesho yake kwenye dungu hakunikaribisha hata pepeta. Alishika kamba ya makopo kwa mikono miwili. "Sema."

Nilikuwa nampenda Tekla. Sikutaka aende. Sikutaka dawati libaki wazi mwaka mzima, tena miaka mitatu. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kujipamba nayo. Nikasema, "Alifungua, akaingia. Mlango ukajifunga. Kwa nje hauna kitasa. Hakurudi." Hicho kitasa kisichokuwepo nilikiongeza ili aamini.

Ndege walishuka upande wa mashariki wa shamba, kundi zima, na Tekla hakuvuta kamba. Mama yake alipiga kelele kutoka kibandani, "We Tekla, umelala?" Ndipo akavuta.

Jumatatu Baba Tekla alipeleka jibu kwamba mtoto hataki. Sista akaomba atafutiwe mwingine kutoka mtaa ule ule, mwenye adabu na anayejua kusoma. Mama yangu aliposikia, aliacha chungu jikoni akaenda kwa paroko na khanga yake ya jikoni. Mimi sikuulizwa kama mbuzi wala kama mtu. Muhula uliofuata nilipelekwa bwenini, kwenye kitanda ambacho kingekuwa cha Tekla.

Nililia wiki nzima, kisha nikazoea kama wenzangu. Tulikula maharage yenye wadudu, tulifua kwa zamu mtoni, tuliimba sana, na hapakuwa na mlango wa kijani. Shule ilipofungwa, nilishuka stendi ya Ifakara na tranka langu, na aliyekuja kunipokea alikuwa Tekla. Alinitazama kama anayemwona mtu aliyefufuka.

"Wamekuruhusu?" aliuliza.

"Shule imefungwa," nikasema. "Tumerudi wote."

"Wote?"

"Wote."

Akajitwisha tranka langu kichwani akatangulia. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Waliotulea walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, karibu miaka thelathini, na nimeitembea nikisalimiana na Tekla karibu kila wiki.

Maana hatukupotezana. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikarudi kufundisha hapa hapa. Tekla aliendelea na nusu mwaka zake hadi darasa la saba, akafeli, akaolewa. Msimwonee huruma, hahitaji. Ana shamba kubwa kuliko nyumba yangu na uwanja wake mara ishirini, ana pawatila ya kulimia, na mpunga wangu wa mwaka natoa kwake. Ila barua za shule za wanawe huniletea mimi nimsomee. Wote watatu amewapeleka bweni, na hajakosa siku ya wazazi hata moja. Niliwahi kumuuliza kwa nini hujihangaisha hivyo, hata mvua inyeshe. Akasema, "Nataka wanione kwamba nipo."

Sasa mwezi uliopita nilikuwa nasahihisha madaftari, na binti yangu Neema, yuko kidato cha tatu, amelala kwenye kochi na simu yake. Nikamsimulia habari za Bweni la Angani, kama tunavyowachosha watoto wetu. Baada ya muda mfupi akaniwekea simu mbele ya uso. "Ndiyo huu?" Nikamwona Asumta na madoadoa yake, safi, hakuna chenga. Nilimwambia kuhusu mlango, na wanaoliwa, na wanaogeuzwa mabati. Neema akanitazama kwa ile huruma wanayotutazama nayo.

"Mama, mlango huo ni wa wanaomaliza shule. Wanarudi makwao. Mbona wamesema tangu sehemu ya kwanza?"

"Na kilio kile?"

"Wanaagana tu."

Akasogeza mpaka mwisho, kwa kidole, kama mtu anayefukuza nzi. Asumta akashika kitasa. Mlango ukafunguka. Ng'ambo kulikuwa na kiwanja, na mama yake amesimama mikono kiunoni, anamkagua kama amekonda. Nikamwambia Neema anipe simu, nikatazama tena peke yangu jikoni.

Jumamosi tulikwenda naye kwa Tekla. Siku hizi hakuna pantoni, kuna daraja, unavuka kabla hujamaliza kujifunga kilemba. Tulimkuta uani anapepeta. Neema akamwamkia, "Shikamoo mama mkubwa," akamwitikia bila kuacha ungo. Nikakaa kwenye kigoda nikasema yote: umeme, dungu, kitasa nilichokiongeza, na mlango ulivyokuwa kweli. Nilisema haraka, maana nilijua nikisita nitameza tena.

Ungo ulisimama. Kuku walikuja hadi miguuni pake wakala, hakuwafukuza.

"Kwa hiyo walikuwa wanarudi nyumbani," akasema.

"Walikuwa wanarudi."

"Na wewe hukuona."

"Sikuona."

Akarudia kupepeta. Alipepeta ungo huo mpaka ukaisha, akamimina, akajipangusa pumba mikononi. Mimi nilikuwa nalia, yeye hakulia.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Watoto wetu hawahitaji kusimuliwa. Kila mmoja ana kioo chake, anaruka asipopapenda, anauliza na kujibiwa, na hakuna awezaye kumdanganya mwisho wa mchezo. Ni afadhali, nakubali. Lakini pia hakuna anayepanda baiskeli na pantoni kumpelekea mwenzake habari, na hakuna anayemngoja mwenzake Jumapili hadi Jumapili akimwamini kila neno. Mimi niliaminiwa hivyo mara moja maishani, na nilivyoitumia imani ile nimekwisha kuwaeleza.

Tekla aliingia ndani, akatoka na kopo la maji, akanawa mikono, kisha akanawa miguu, polepole, mpaka visigino. Akakaa mkekani karibu na Neema.

"Haya mwanangu, nionyeshe. Anzia mwanzo kabisa, uniambie wanavyosema." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Domi, nyamaza. Leo nataka nitazame mwenyewe."