Nimeuziwa taa za amplifaya zilizofutwa maandishi, zikaunguza transfoma ya mzee wa watu harusi ya binti yake ikiwa mlangoni

Wakuu, heshima kwenu wote.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona mahali nimepitiliza mnivumilie. Lakini sijatunga hata sentensi moja. Aliyefanya haya anajijua, na sitashangaa akiwa mmoja wa wanaousoma uzi huu.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia, sekondari moja huku Masasi. Wikiendi napiga gitaa la solo kwenye kabendi ketu ka watu watano. Tunapiga harusi, mahafali, sherehe za watoto kutoka jandoni, popote tunapoitwa.

Fizikia, wakuu. Nafundisha watoto mkondo wa umeme. Ndiyo maana inaniuma mara mbili.

Sasa kuna mzee mmoja anaitwa Baba Zuhura, mkulima wa korosho kule Chilangala, Newala. Ujana wake alikuwa mpiga rhythm wa bendi, na mpaka leo mkono wake wa kulia mimi siufikii. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba gitaa halipigwi kwa kasi, linapigwa kwa kusubiri.

Ana amplifaya ya gitaa ya zamani, ile ya taa. Aliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kwa wasiojua: amplifaya za aina hiyo hazina transista. Zina taa za kioo kama balbu, wasomi wanaziita valvu, na hizo ndizo zinakuza sauti ya gitaa. Zinawaka rangi ya chungwa, zinachemka, na kama balbu yoyote zinachoka. Zikichoka unaweka nyingine.

(Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si anunue ya kisasa ya transista." Ndugu, mzee ameizoea hii miaka na miaka. Mke wako akizeeka unanunua mwingine? Tuendelee.)

Mwanzoni mwa msimu wa korosho Baba Zuhura akanipigia simu. Amplifaya imeanza kunguruma, sauti inakuja na kukatika.

Nikapanda Newala na pikipiki. Nikamkuta barazani anachambua korosho.

"Shikamoo Baba Zuhura."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kuna ming'oko ya kuchemsha hapo, kula kwanza. Mgonjwa yupo ndani."

Nikaifungua. Taa mbili kubwa za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa, vioo vimeingia weusi. Namba yake ilikuwa inasomeka kwa shida: 6V6. Zilizobaki zilikuwa nzima.

Mzee akaniambia kitu ambacho sikukijua. Watoto wake wawili wakubwa walipooa, aliwapigia gitaa yeye mwenyewe wakati maharusi wanaingia. Sasa Zuhura, kitinda mimba wake, anaolewa mwezi unaofuata. Zuhura amekataa MC, amekataa muziki wa flash. Amesema anaingia na gitaa la baba yake, anacheza mpaka anafika kwenye kiti chake.

"Wewe ndiye msomi wa umeme," akaniambia. "Ichukue. Nakuamini."

Nikaifunga kwenye pikipiki, nikashuka nayo Masasi kama nimebeba mayai.

Nikaanza kutafuta taa mtandaoni. Wakuu, hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Kwenye soko la hizi taa kuna vitu viwili. Kuna za kisasa, zinazotengenezwa mpaka leo nje huko, zinakuja kwenye boksi jipya. Na kuna zinazoitwa za zamani original, ambazo eti zilikaa stoo miongo bila kutumika. Za pili ndizo watu wanazililia.

Nilikuwa nimeshaamua kuchukua za kisasa kwa jamaa mmoja. Kabla sijaagiza nikaangukia kwenye page ya muuzaji mwingine wa Dar. Nikamuuliza swali moja tu. Yeye akanirushia voice note tano.

Eti za kisasa ni takataka. Eti zinatengenezwa na watu wasiojua muziki. Eti amplifaya ya mzee ukiiwekea za kisasa ni kama kumvalisha sheikh kaptula. Yeye anazo 6V6 za zamani, original, jozi moja tu imebaki, na kuna mtu wa Arusha anazitaka.

Nikaingia kichwa kichwa. Ujinga wangu ninaukiri. Nilitaka kumpelekea mzee kitu cha heshima.

Mzigo ukaja na basi. Nikafungua, nikaona maandishi ya dhahabu yanang'aa: 6V6. Lakini vioo vilikuwa vinene kuliko vile vya mzee. Si kidogo.

Nikampigia. "Kaka, mbona hizi nene?"

"Mwalimu, za zamani ndivyo zilivyokuwa. Hizo nyembamba mnazozijua ni za juzi juzi. Soketi si ile ile? Pini si nane? Ingiza upige muziki."

Nikaingia mtandaoni kuhakikisha. Kweli, zamani kulikuwa na 6V6 za vioo vinene. Yaani jamaa alichukua ukweli nusu akauvika uongo mzima, na mimi nikatulia kwa sababu ile nusu niliiona kwa macho yangu.

Jumamosi mchana tukawa na mazoezi Lisekese, hapa hapa Masasi, nyumbani kwa mpiga bass wetu, Baraka. Nikachomeka. Wakuu, sauti ilitoka nene, tamu, mpaka majirani wakasogea. Nikasema moyoni, mzee atalia.

Tulipiga kama dakika arobaini. Nikaanza kusikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya nailoni. Nikamwangalia Baraka, Baraka akaniangalia. Halafu moshi ukatoka nyuma ya amplifaya, mwembamba, wa kijivu. Baraka akaruka akachomoa waya ukutani.



Nilipoigusa transfoma, ile inayozilisha taa umeme, niliungua kidole. Fyuzi ilikuwa nzima. Mzigo ulizidi polepole, haukuwa wa kuikata fyuzi, ulikuwa wa kuipika transfoma tu.

Sikulala vizuri. Kesho yake, Jumapili, nikaifunga tena kwenye pikipiki nikapanda Newala. Ile safari sitaisahau. Nilikuwa napanga maneno, kila nikifika kona nayasahau.

Nilimwambia Baba Zuhura ukweli wote, nimesimama, sikukaa. Akaiangalia amplifaya yake muda mrefu. Akaweka mkono juu yake. Hakunitukana, na bora angenitukana.

"Twende kwa Somoe," akasema.

Fundi Somoe ana kibanda Newala mjini. Kazi yake zaidi ni kutengeneza bloa, zile mashine za kupulizia dawa mikorosho, lakini baba yake alikuwa fundi redio wa enzi za redio za taa, na yeye ndiye mtoto pekee aliyekaa naye mezani akajifunza. Mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, haongei sana.

Akazitoa zile taa mbili. Akaipima moja kwa macho. Kisha akaisogeza mdomoni, akaihemea haaa, kama mtu anayetaka kufuta miwani.

"Njoo uone, mwalimu."

Nikainama. Pale kioo kilipopata mvuke, chini ya yale maandishi ya dhahabu, yalionekana maandishi mengine, hafifu, kama mtu ameandika kwa kidole: 6L6.

Mvuke ukakauka, yakapotea. Akahema tena, yakarudi.

"Wamefuta kwa kitambaa na dawa, wakapiga mhuri mwingine," Somoe akasema. "Wino unatoka. Alama yake kwenye kioo haitoki."

"6L6 si inaingia soketi ile ile?" Baba Zuhura akauliza.

"Kuingia inaingia. Hata gumba linaingia puani. Hii inakula umeme mara mbili ya ile kwa kujipasha moto tu, bado kazi yenyewe. Transfoma ya mzee ilijengwa kubeba ndogo mbili. Imebebeshwa kubwa mbili." Akanigeukia. "Mwalimu, mita si unayo? Hukupima?"

Mita ilikuwa kwenye begi langu. Imo begini siku zote.

Nikampigia yule muuzaji hapo hapo, simu nikaiweka sauti ya nje. Nikamweleza: moshi, transfoma, maandishi ya chini.

Akacheka. Wakuu, alicheka!

"Mzigo ukishawashwa hauna dhamana. Tatizo ninyi wa mikoani hamjui kutumia vitu original. Hiyo amplifaya yenu ilikuwa imekufa siku nyingi."

Baba Zuhura akaomba simu. Nikampa. Akasema kwa upole, "Kijana wangu, mimi ndiye mwenye amplifaya. Binti yangu anaolewa wiki mbili zijazo."

Simu ikakatwa.

Mzee alinirudishia simu huku anaiangalia, kama anasubiri iseme kitu kingine. Nilipopiga tena, nikakuta nimeshafungiwa. Sijawahi kumwona mtu mzima akidhalilishwa namna ile na mtu asiyemjua hata sura.

Somoe akasema transfoma anaweza kuisuka upya, lakini waya wa shaba wa unene ule hanao, mpaka uagizwe. Na kusuka si kazi ya kukimbizwa. Akahesabu siku kwa vidole, akatikisa kichwa.

Tukahangaika. Bendi yetu haina amplifaya yake, tunakodi. Tuliuliza amplifaya ya kuazima kwa kila bendi na kila kwaya tunayoijua kuanzia Chidya mpaka Newala. Msimu wa korosho ni msimu wa harusi, kila chombo kina shughuli yake. Iliyopatikana moja ilikufa asubuhi ya siku yenyewe.

Harusi ikapigwa na DJ.

Nilikuwepo. Zuhura aliingia amependeza, na alipofika mlangoni alisimama kidogo, akatazama kule pembeni ambako kiti cha baba yake cha kupigia kingekuwa. Halafu spika zikaanza wimbo wa flash, akatembea. Hakucheza. Alitembea tu mpaka kwenye kiti chake. Baba yake alikaa safu ya mbele na mikono juu ya magoti.

Nilitoka nje. Sikuweza.

Waya ulifika baada ya siku kadhaa, Somoe akasuka. Safari hii taa zilichaguliwa na yeye, mimi nikawa mwanafunzi. Alichagua za kisasa, zile zile muuzaji aliziita takataka. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu najua zimetoka wapi," akasema. "Ya zamani nzuri ipo, lakini mimi na wewe hatuna mashine ya kuipima. Mpya inakuja kwenye boksi lake, ikifa najua nani wa kumuuliza. Na namba ndiyo namba. 6V6 ni 6V6. Anayekwambia 'inaingia tu' mkimbie."

Akanionesha mengine pia. Chukua jozi iliyopimwa pamoja, ili moja isimbebee mwenzake mzigo. Ukishaweka, pima umeme unaopita kwenye kila taa kabla hujapiga hata noti moja. Ziache ziwake nusu saa huku umeikodolea macho transfoma. Ukiona bati la ndani ya taa linakuwa jekundu, badala ya kuwaka ule uzi wa katikati peke yake, zima.

Tukaiwasha Chilangala barazani. Baba Zuhura akachukua gitaa. Niwaambie ukweli kama mpiga gitaa: sikusikia utakataka wowote. Sauti ilikuwa safi, ina joto, na mkono wake ule ule.

Akaniambia nimpigie Zuhura, ambaye sasa yupo kwa mumewe Lindi. Nikaishika simu karibu na spika. Mzee akaupiga wimbo wote, ule aliokuwa ameuandaa kwa ajili ya kumwingiza ukumbini. Mtandao haukukatika hata kidogo.

Alipomaliza, Zuhura akasema, "Ahsante Baba. Nimeusikia wote. Lakini mimi nilitaka kuucheza."

Mzee akasema, "Najua mwanangu." Akaweka gitaa chini, akaingia ndani.

Wakuu, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini wiki hii nimeiona ile page tena. Jamaa anauza "6V6 original za zamani, jozi moja tu imebaki." Maandishi ya dhahabu, vioo vinene. Kuna mtu mwingine sasa hivi anasikiliza zile voice note tano.

Nilichojifunza ni hiki. Uzamani si ubora. Mtu anayekuharakisha uingize bila kupima ana sababu yake. Na elimu isiyotoka kwenye begi haimsaidii mtu, mimi ndiye ushahidi.

Jina la page sitaliweka hapa, sitaki uzi ufutwe. Na wewe muuzaji ukiusoma: sitaki fidia. Nataka upande Newala, ukae mbele ya Baba Zuhura, umweleze ulikuwa unafikiria nini ulipokuwa unapiga ule mhuri.

Waliowahi kuuziwa taa za namna hii wamwage ya kwao hapa. Mafundi wanaojua wapi zinapatikana za kisasa za uhakika, tusaidieni, maana wapo wazee wengi wenye hizi mashine na hawana mtu wa kuwauliza. Na anayetaka kumtetea muuzaji naye ajitokeze. Leo nina muda.